Deka, msafishaji aliyeokoa madaftari ya Shule ya Mtakatifu Oswin

Saa moja asubuhi, Deka Salat anafungua mlango wa chumba cha chini ya ardhi katika Shule ya Mtakatifu Oswin, katikati ya Birmingham, Uingereza. Ndoo anaiacha nje. Anaweka kiganja ukutani, anasubiri kidogo, kisha anatabasamu.

"Pakavu," anasema. "Sasa naweza kuanza kazi."

Deka, 49, mkazi wa mtaa wa Newtown, amekuwa msafishaji hapa kwa miaka kumi na minne. Tangu mwaka jana ana kazi ya pili: ndiye mtunza kumbukumbu wa shule.

Shule hii ilianzishwa mwaka 1723 ili watoto maskini wafundishwe kusoma na kuimba katika kanisa la jirani, ambalo baadaye lilifanywa kanisa kuu. Historia hiyo yote ilikaa kwenye madaftari ya ngozi chumbani humu, hadi bomba lilipopasuka wakati wa likizo ya Februari mwaka jana.

Deka alifika wa kwanza. Maji yalikuwa magotini. Mchana, fundi aliyeitwa kukausha jengo aliagiza kila kilicholowa kitupwe.

"Aliniambia hizo ni taka, niweke zote kwenye skip, lile kontena la takataka," anasimulia Deka, aliyekulia Garissa, Kenya. "Nikamwambia hapana. Hizi siweki."

Sababu alikuwa nayo. Mwaka 1997 mafuriko ya Mto Tana yaliingia nyumbani kwao, na vyeti vyake vya shule vikawa uji. Vya jirani yao, mwalimu, vilipona kwa sababu alipachika magazeti katikati na kuvianika kivulini.

Basi Deka akabeba madaftari sitini na mawili hadi ukumbi wa chakula. Akachukua karatasi za kufutia mikono kutoka stoo yake, akaanza kuzipachika ukurasa mmoja baada ya mwingine. Fundi akaenda kumshtaki kwa msimamizi wa shule, Bi Sunita.

"Nilishuka nikiwa na nia ya kumwambia aache," anakiri Sunita. "Nikamkuta amepiga magoti mbele ya ukurasa wa mwaka 1741. Majina yalikuwa yanasomeka. Nikavua koti, nikamuuliza nianzie wapi."

Kazi ilichukua siku tisa. Madaftari matatu yalioza. Hamsini na tisa yakapona.

Alipokuwa akiyakausha, Deka aliyasoma.

"Kitabu cha historia wanachouza pale reception kina maaskofu na walimu wakuu tu," anasema. "Lakini humu nimempata Hannah, dobi. Amefua majoho ya waimbaji miaka arobaini na moja. Kwenye kitabu chao hana picha, hana hata mstari mmoja."

Binti yake, Anisa, humtania kwa Kiingereza kwamba Hannah si shangazi yake.

"Namwambia asubiri, bado natafuta ukoo," anasema Deka, akicheka.

Sasa kila Jumatano shule inampeleka kwenye mafunzo ya kutunza nyaraka. Juni, katika siku ya historia ya shule, ndiye atakayewaongoza wageni. Ziara haitaanzia kanisani kama zamani. Itaanzia mlango wa nyuma, walikoingilia madobi na wapishi.

"Headteacher amekubali," anasema. "Askofu naye atapita huko huko. Nimemwandikia ainamishe kichwa, mlango ni mfupi."