Ski Moja Iliyorudi Kutoka Mlimani

Mwanamke mmoja aliingia karakanani kwetu akiwa amekumbatia ski moja.

Moja. Na ski, zile mbao za kuvaa miguuni kutelezea theluji, huja mbili, kama viatu.

Alikuwa ameifunga kwa kitenge, ncha yake ikichungulia juu ya bega kama kichwa cha mtoto. Kwa umri ni rika la mama yangu. Miguuni bado alikuwa na viatu vyeupe vya kazi ya hospitali.

"Wewe ndiye Nkirote?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Sisi Wakenya shikamoo hatuna sana, lakini lafudhi ilinitosha. Huyu ni Mtanzania.

"Marahaba. Nimekuja unitengenezee mwenzake huyu."

Akaanza kufungua kile kitenge pole pole, na hata hakuwa amefika nusu nikajua. Picha ya juu ya ile ski niliichora mimi. Mwanamke amefunga kilemba cha njano, amenyoosha mkono pembeni, vidole vinaishia pale pale ukingoni.

"Hii ni ya Rodney," nikasema. "Rodney mwenyewe yuko wapi?"

"Nilimzika Februari."

Jeremiah, mwenye karakana, akazima mashine. 

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio muelewe.

Mimi ni Mmeru, naishi Minneapolis. Wikendi natunza wazee kule Coon Rapids, kama nusu ya Wakenya mnaowajua huku. Siku zingine niko kwa Jeremiah. Huyu ni jamaa wa Kapsabet aliyekuja kusomea uinjinia. Marafiki wa chuo wakampeleka kuteleza kwenye theluji, akaanguka siku nzima, akarudi ameshapagawa. Sasa anatengeneza ski. Yeye anabuni umbo, mimi nachora picha ya juu.

Minnesota haina milima, mnajua. Wateja wetu hujifunzia kwa vilima vya hapa, halafu wana-drive hadi Montana kutafuta milima ya kweli.

Rodney alikuja vuli, majani yakiwa yamegeuka rangi. Kijana mrefu, mpole, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kiswahili alikuwa anasikia chote lakini anajibu Kiingereza, kama watoto wetu wengi. Maneno yake nitayaandika kwa lugha yetu.

"Nataka ski za mlima mzima," alimwambia Jeremiah. "Zielee kwa theluji ya unga, na nikishuka chini kwenye theluji iliyoganda zisinitupe."

Jeremiah akacheka. "Buda, kila mtu anataka hivyo. Theluji ya unga inataka ski pana, isizame. Theluji ngumu inataka nyembamba, ikate kona haraka. Ukitaka zote mbili, kila upande utapoteza kidogo."

"Wacha zipoteze. Mimi sitaki kuchagua."

Jeremiah alihangaika na hizo ski kuliko zozote nilizowahi kumwona akitengeneza. Alipinda ncha za mbele juu ili zipande theluji laini. Katikati akapunguza upana kidogo tu, akajuta, akarudisha. Ndani akachanganya mbao mbili, laini ya kupunguza uzito na ngumu ya kushika. Anabonyeza na kiganja, anatikisa kichwa, anaanza tena.

Mimi Rodney aliniletea picha mbili kwa simu.

Ya kwanza ni mwanamke wa kilemba cha njano, amesimama mbele ya migomba. Ya pili ni mama mwingine amelala kwa kochi, mdomo wazi kidogo, viatu vya kazi havijavuliwa.

"Mama mmoja kwa kila ski," akasema. "Wanyooshee mikono. Nikisimamisha ski pamoja, mikono ishikane."

"Ni kina nani?"

"Mama zangu."

Nikadhani ni mama na mama mdogo, si kwetu wote ni mama. Nikamtania. "Na utawakanyaga?"

Hakucheka. Alifikiria kwanza.

"Sitawakanyaga. Watanibeba."

Hapo nikaweka kalamu chini, akanihadithia.

Alikuwa amemtengenezea mama yake simu iliyokuwa ikisumbua. Katika kuijaribu, ujumbe wa sauti ukajicheza wenyewe. Mwanamke wa mbali akasema kwa Kiswahili: *Dada, leo ndiyo siku niliyomzaa. Mpe chochote anachopenda kula. Hata usinitaje.*

Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa.

"Mama alijua nasikia Kiswahili," Rodney aliniambia, "lakini nadhani alisahau."

Akaangalia picha ya yule mtu, na kule akaona uso wake mwenyewe umefungwa kilemba. Jina lilikuwa Valentina.

"Umemuuliza mama yako?"

"Bado. Nataka aniambie mwenyewe. Nampa muda."

Nikachora. Picha za ski huchapwa upande wa chini wa plastiki angavu, ili mikwaruzo isizile. Jeremiah akazibandika kwa gundi na kuzikandamiza kwa mashine ya moto. Tulipozitoa na kuzisimamisha pamoja, mikono ikashikana sawasawa. Rodney alipitisha kidole pale mikono ilipokutana. Halafu akanikumbatia, akaenda nazo.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kumwona.

Sasa mama yake amesimama mbele yangu.

Nilimvutia kiti. Jina lake ni Laurencia, nesi, mwenyeji wa Kagera. Rodney alikuwa Montana na wenzake wawili. Wenzake walikuwa nyuma, wakaona mlima wote ukisogea. Walimfukua, lakini walimfukua amekufa.

Jeremiah akauliza, "Mama, ski ndizo zilimwangusha?"

"Hapana, baba. Theluji ndiyo ilishuka. Sikuja kumlaumu mtu."

Ile ski moja ilionekana theluji ilipoyeyuka. Waokoaji wakampelekea. Nyingine mlima ulibaki nayo.

"Nikafungua sanduku waliloniletea," akasema, "nikamkuta huyu."

Akaweka kidole juu ya kilemba cha njano.

"Nkirote, binti yangu, hili nitalisema mara moja. Huyu ni Valentina, mdogo wangu. Ndiye aliyemzaa Rodney. Alikuwa bado msichana wa shule, na mwanamume akakimbia. Mimi sikujaliwa kuzaa. Wazee wakakaa, wakaamua mtoto awe wangu. Nikaja naye huku hajaanza hata kutembea. Sikumwambia kamwe."

Akakunja kile kitenge magotini. 

"Asubuhi aliyoondoka kwenda huko mlimani, amesimama na begi mlangoni, akaniuliza. Valentina ni nani? Hivyo tu, taratibu, kama anauliza funguo za gari."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema ni mtu wa kanisani, wa zamani. Akasema sawa, mama. Akanibusu hapa." Akagusa paji la uso. "Akaenda."

Machozi hayakutoka. Hicho ndicho kilinitisha.

"Sasa nambie ukweli. Kwenye ile nyingine ulichora nini? Mimi najua alikasirika. Najua amekufa ameniondoa moyoni, akamweka huyu. Lakini nataka kuambiwa na aliyechora."

Sikumjibu kwa mdomo. Nilifungua kompyuta, nikageuza kioo kimwangalie.

Akajiona. Amelala kwa kochi, mdomo wazi, viatu vya kazi miguuni, mkono umenyooshwa hadi ukashika mkono wa mdogo wake.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama. Alisema mtambeba nyote wawili."

Akasogeza uso karibu na kioo. Akacheka kidogo, kicheko cha ajabu. "Angalia anavyonipiga picha nimelala. Huyu mtoto." Kisha akaanza kulia, na nikashukuru Mungu. Nikadhani mambo yameisha hapo.

Hayakuisha.

Alijifuta kwa kitenge, akauliza, "Hizi picha alikuletea lini?"

Jeremiah akaniangalia juu ya kichwa chake. Akatikisa kichwa kidogo sana. Usimwambie.

Nilielewa. Kama Rodney aliuliza Februari akiwa hajui lolote, basi mama alimdanganya mtoto asiyejua, na uongo huo ni mdogo. Lakini kama alikuwa anajua tayari, hicho ni kitu kingine kabisa.

Ningeweza kusema sikumbuki. Jibu hilo lilikuwa tayari kwa ulimi.

Lakini mwanamke huyu amefika pale kwa sababu ya uongo wa huruma. Nikaona nikiongeza wangu nitakuwa namzika Rodney mara ya pili.

"Vuli, mama. Majani yakianguka. Alisikia ujumbe wa sauti kwa simu yako, siku yake ya kuzaliwa."

Alihesabu moyoni. Nilimwona akihesabu.

"Kwa hiyo alikuwa anajua."

"Ndiyo."

"Ile asubuhi hakuwa anauliza."

"Hapana, mama. Alisema anakupa muda umwambie mwenyewe."

Akainamisha kichwa hadi paji likagusa ile ski. Akakaa hivyo. Nje kulipita treni ya mizigo, ndefu kama zilivyo za huku, na hakuinua kichwa mpaka ikaisha.

Halafu akasema kitu ambacho hadi leo kinanirudia nikiwa kazini.

"Valentina yuko hai. Na hajui."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Hajui nini?"

"Hajui mwanawe amekufa. Nyumbani tulibaki sisi wawili tu, hakuna mwingine wa kumpasha habari. Kila wiki ananitumia ujumbe. Dada, mwanangu hajambo? Namjibu hajambo. Ana mitihani. Amekua mrefu. Tangu Februari namjibu hajambo."

Jeremiah akatoka nje. Ni mwanamume mzima, lakini alitoka.

Mimi nilipiga magoti mbele ya kile kiti. "Mama, mpigie."

"Nitamwambia nini?"

"Kilichotokea."

"Na akiniuliza kwa nini nilinyamaza?"

"Atauliza. Mpigie tu."

Kwetu ilikuwa asubuhi, Kagera jua linakaribia kutua. Akaiweka simu mezani, akaniomba niguse mimi lile jina. Ikaita. Ikapokelewa, na nyuma yake kuku wanalia.

"Dada, leo umenikumbuka kwa simu kabisa. Habari za huko? Mwanangu hajambo?"

Laurencia akaisogeza simu karibu.

"Dada?"

"Valentina, mdogo wangu. Kaa chini."

"Nimekaa. Napepeta maharage."

"Rodney ametutoka."

Sauti ya ungo ikakoma.

"Ametutoka lini?"

"Februari. Theluji ilimfunika mlimani. Nilimzika mimi, nikashindwa kukwambia."

Ungo ulianguka. Tulisikia maharage yakitawanyika sakafuni. Nilingoja mayowe, lakini hayakuja. Sauti iliyofuata ilikuwa ndogo, kama ya msichana wa shule.

"Dada, alinijua?"

Laurencia akanitazama. Kisha akaitazama ile ski.

"Alikujua. Mimi sikumwambia, alikujua mwenyewe. Akakuchorisha, umefunga kilemba chako cha njano. Alikuvaa mguuni siku ile. Ulikuwa naye."

Hapo ndipo yalipokuja. Sitayaeleza mayowe ya yule mama. Yalijaza karakana yote, yakitoka kwa kijisimu kilicholala katikati ya maranda. Laurencia alilia pamoja naye, ameshika ukingo wa meza, na hakuna aliyekata simu mpaka chaji ya upande wa kule ikaisha.

Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kama bado anataka nitengeneze ile nyingine.

"Hapana. Mimi acha nibaki huko mlimani. Huyu ndiye nitampeleka kwa mwenyewe."

Alisafiri Julai. Aliporudi alipita karakanani, amekonda. Nikamuuliza walivyoonana.

Akasema Valentina aliipokea ski, akaiegemeza ukutani juu ya kitanda chake. Alimpikia ndizi, akamtandikia kitanda. Akampeleka kanisani, wakaomba misa. Lakini siku zote alizokaa hakumuuliza lolote kuhusu Rodney. Hata alama za shule. Hata alikuwa anapenda kula nini.

"Ningemhadithia usiku na mchana," Laurencia aliniambia. "Hataki kuyapokea kutoka kwangu. Na haki ni yake."

Alinywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda kazini.

Jeremiah bado anatengeneza ski za mlima mzima. Mimi bado nachora. Watu wakileta picha za wazazi wao, siulizi tena ni kina nani.

Wewe unayesoma hapa ukiwa break, au umekaa kwa gari unangoja shift ianze, sikufundishi malezi. Sina hata mtoto. Ninajua tu nilichokiona kwa ile karakana.

Watoto wetu wanajibu Kiingereza tukadhani hawasikii. Wanasikia. Na siku mtoto akikuuliza jambo zito kwa sauti iliyotulia sana, usidhani anataka habari. Habari huenda anazo tayari. Anangoja tu azisikie kwa mdomo wako.

Mjibu akiwa bado yuko mlangoni.