Mawimbi Juu ya Chandarua

Tumemzika Jumanne, Msambweni, baada ya adhuhuri, yule mpiga picha ambaye huenda wengi wenu mnaosoma safu hii mmezitundika kazi zake ukutani bila kumjua. Habari zilinikuta Ukunda kwa fundi cherehani, nikipimwa shati. Moyo ulimsaliti akiwa kazini, kamera shingoni, na waliokuwa naye wanasema aliishika kwanza isigonge ukuta, ndipo akakaa chini. Sikushangaa. Kwa miaka michache niliyomjua sikuwahi kumwona akiiweka kamera ile mezani bila kutandika kitambaa chini yake.

Alipenda ukali wa picha kama wengine wanavyopenda chumvi. Alijinyima mengi hadi akaipata kamera mpya yenye vitone vingi vya kunasia mwanga, isiyo na kile kichujio chembamba ambacho kamera nyingi za zamani ziliwekewa ndani ili kuilainisha picha kidogo. "Lile ni pazia," aliniambia. "Nani anataka kuitazama dunia kupitia pazia?" Lakini pazia lilikuwa na kazi yake, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndani ya kamera vitone vimepangwa kwa safu kama wavu. Ukiuelekeza wavu huo kwenye kitambaa ambacho nyuzi zake zinakaribiana nao kwa wembamba, viwili hivyo hupishana, na pichani hutokea miviringo ya kijani na zambarau ambayo kwenye kitambaa haipo. Wenzake huiita moare. Yeye aliiita mawimbi. Vitone vikizidi, mawimbi hupungua, lakini hayaishi. Ndiyo maana arusini ungemsikia akipiga kelele, "Ami, rudi nyuma hatua mbili, kanzu yako inacheza!" Mzee mmoja alimjibu, "Kanzu haichezi, mwanangu, unayecheza ni wewe," na watu wakacheka hadi bwana harusi akasahau woga wake.

Siku ninayotaka kuwasimulia hakuna aliyecheka. Hoteli moja kusini mwa Diani ilimpa kazi ya kupiga picha za vyumba, na mimi, ambaye riwaya hazijaanza kunilisha, niandike maneno ya kwenda nazo. Siku ya kwanza alimwambia meneja, kijana wa bara mwenye haraka nyingi, "Kamera hii haifichi kitu. Vumbi likiwepo, utaliona." Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, sikuona ubaya. Picha zikatumwa kwa mwenye hoteli, ng'ambo. Baada ya siku mbili tukaitwa. Tulimkuta meneja katika chumba cha dobi, na mbele yake amesimama mama mmoja wa Kinondo aliyekuwa akifua vyandarua vya hoteli ile tangu ilipofunguliwa. Kwenye kompyuta, juu ya kila kitanda, chandarua kilikuwa na miviringo ya kijani na zambarau.

"Bosi ameziona," meneja alisema. "Anasema haya ni madoa ya dawa ya kung'arisha. Mama, umeharibu neti zote. Leo unarudisha yunifomu."

"Mwanangu, twende vyumbani ukaziangalie," mama akasema. Sauti yake haikupanda.

"Nimeziangalia. Nimeona nyeupe. Lakini macho yangu na hii kamera, nani anaona zaidi?" Akamgeukia mwenzangu. "Si ni wewe ulisema haifichi kitu?"

Nilijua. Mawimbi nilikuwa nimeelezwa mara kumi. Nilijua pia kwamba tukisema, tunakiri kuwa picha tulizokabidhi zina kosa, na hoteli nyingine za tajiri yule, ambazo tulikuwa tumeahidiwa, hatutazikanyaga. Nikatazama viatu vyangu. Yeye aliitazama kompyuta, na kwa muda uliotosha yule mama kupeleka mikono nyuma na kuanza kufungua fundo la aproni yake, hakutamka neno.

"Mama, usivue," alisema mwishowe.

Alichukua chandarua kikavu kutoka kwenye rundo, akakikunja mara mbili, akakiinua mbele ya dirisha. Pale tabaka mbili zilipopishana, miviringo ikajitokeza, kwa macho matupu. Akasogeza mkono kidogo, nayo ikakimbia. "Meneja, doa la dawa hutembea?" Kijana akasogea kukiangalia chandarua. "Kwenye picha, tabaka la pili ni kamera yangu. Nilisimama palepale penye mawimbi kwa kuwa nilitaka ukali. Niliyaona siku ileile kwenye kioo kidogo cha kamera, nikajiambia ni kioo tu. Kosa ni langu."

"Kwa hivyo nimwambie bosi kamera yako inadanganya?"

"Mwambie mimi ndiye niliyeisifu kupita kiasi."

Mama akalikaza tena fundo lake. "Haya, wanangu, tokeni," alisema, "mashuka yananingoja." Alasiri ile mwenzangu alirudia vyumba vyote, hatua moja nyuma, picha akizipunguza ukali kidogo. Zilikubaliwa. Mama alibaki kazini. Hoteli nyingine wakapewa watu wengine.

Siku hizi tunahukumiana kwa picha. Mtu anarushwa kwenye kikundi cha simu, huyu mwizi, yule mchafu, nasi tunaikuza kwa vidole viwili na kuamini kwamba kilicho wazi zaidi ndicho cha kweli zaidi. Marehemu alinifundisha kwamba ukali una gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyeshika kamera. Sisi waandishi nasi tuna sentensi zetu kali, na sijui ni watu wangapi zimewapaka wasichokuwa nacho.

Yule mama alikuja msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamuuliza kama alimsamehe marehemu kwa kimya kile cha mwanzo.

"Nimsamehe nini yeye? Yeye alisema," alinijibu. "Wewe je, uliyekuwa umetazama chini?"

Ukiijua kweli, wakati wa kuisema ni kabla mwingine hajaadhibiwa. Ukingoja mwenzako aseme, umeshachagua. Waliojua siku ile walikuwa wawili. Aliyesema alikuwa mmoja, na huyo ndiye tuliyemzika.