Picha za Kabla na Baada

Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni, huku Misugusugu. Juzi nilijitengenezea tovuti kwa simu, nikaweka picha za kona ya jiko nililolikarabati, kabla na baada. Mama mmoja wa Kisarawe aliponiita kwa kazi, nilimtumia kiungo cha tovuti aitazame nikiwa njiani.

Nilifika jikoni kwake roho juu, maana nilikuwa nimekaa bila kazi muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Picha nimeziona. Kona yangu usiifanye kama ile."

Nikadhani anaogopa gharama. "Ondoa shaka, mama. Yako itaizidi ile!"

Akarudi nyuma, akaikinga kona yake kwa mgongo. Nikazidi kujipigia debe: "Mwenye jiko lile alitoa machozi!"

"Angeachaje?" Akanipa simu yake. "Hebu niambie, mwanangu, kabati zuri vile ulilibomoa kwa nini?"

Nikatazama. Chini ya kabati langu jipya, lenye rafu za kuzunguka, nilikuwa nimeandika KABLA. Chini ya lundo la masufuria meusi na gunia la mkaa, kwa herufi kubwa, nilikuwa nimeandika BAADA.