Bunduki ya Mlango wa Nyuma

Jirani yetu hapa Al Khoudh, Oman, alivunjiwa nyumba mchana kweupe, wenyewe wakiwa harusini Sohar. Wezi walibeba dhahabu na televisheni, wakauacha mlango wa nyuma unaning'inia kwa bawaba moja. Jirani mwenyewe alishukuru kwamba hakuna aliyeumia, akaita fundi. Aliyekosa usingizi ni kaka yangu, ambaye wala haishi mtaa huu. Yeye ana kiwanda kidogo cha mabomba huko Rusayl na nyumba yake iko upande huo huo.

Alikuja kwangu mara tu aliposikia. Aliizunguka nyumba mikono nyuma, akautazama ukuta wa uani, akautikisa mlango wa jikoni, akasimama muda mrefu chini ya dirisha la mama. Kisha aliingia sebuleni, akaomba kahawa, akasema nyumba ya wanawake watatu haiwezi kukaa hivi hivi. Wanawake hao ni mimi, niliye mjane na mwalimu wa skuli. Mama yetu, ambaye kumbukumbu zake siku hizi huja na kuondoka. Na binti wa Singida anayenisaidia kumtunza mama.

Nilidhani atataja kamera. Akataja bunduki.

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema babu zetu wote walikuwa na bunduki ndani na hakuna aliyeona ajabu. Nilitaka kumwambia kwamba babu zetu walikuwa na punda pia, lakini kaka akishaamua jambo huwa haliulizwi tena. Aliomba kibali, nikatia saini pale nilipoonyeshwa, na kilipotoka akanichukua kwenda Hamriya, kwenye duka la silaha lililo juu ya fundi cherehani.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kiomani mwenye sauti ya chini. Kaka alimweleza, kwa Kiarabu cha haraka, kwamba anataka shozen, yaani bunduki ya marisau, ile inayotema vipande vingi vya risasi kwa pamoja. Alikuwa amekwisha tazama video za kutosha, akajua anachokitaka: ile ya kuvuta kwa mkono kabla ya kupiga, kwa sababu mlio wa kuivuta tu, alisema, unamkimbiza mwizi.

Nikamuuliza, ikiwa mlio unatosha, risasi ni za nini. Kaka alimtazama mzee. Mzee alijishughulisha kufuta meza.

Kisha mzee aliuliza nani ataibeba. Kaka akanielekeza mimi kwa kidevu. Mzee aliniangalia, abaya yangu na mkoba wangu, akanipa bunduki na kuniambia niiegemeze begani. Kitako kilinipita. Shingo yangu ilibidi inyooke kama ya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Akanipa nyingine, fupi zaidi, ya mitutu miwili. Hii, alisema, ukiikunja inafunguka katikati, unaona kwa macho yako kama ina risasi au haina. Kaka alisema hiyo ni ya kuwindia ndege. Mzee akajibu kwamba mtu aliyeshikwa na khofu huhitaji kitu kisichomchanganya.

Hapo nilitamani kumwambia kwamba nimekwisha changanyikiwa.

Zikaja risasi. Yako marisau madogo kama punje za mtama, ambayo hayaendi mbali, na yako makubwa yanayopenya mlango na ukuta mwembamba. Kaka alitaka makubwa. Mzee akanigeukia mimi, akaniuliza nyuma ya mlango wangu kuna nini. Nikaanza kuitembea nyumba yangu kichwani. Nyuma ya mlango wa uani ni jiko, na ubavuni mwa jiko ni chumba cha binti. Ukigeuka kushoto ni ukuta wa mama, na kitanda chake kimeuegemea. Kila nilikoelekeza bunduki nilimkuta mtu wangu. Mzee akachagua mwenyewe yale madogo.

Tulitoka na ile ya mitutu miwili. Kitako kilipunguzwa na kutiwa mpira ili kisinipige begani. Ikavishwa mkanda wa ngozi na, kwa kuwa kaka hakukubali kushindwa kila kitu, tochi nene chini ya mtutu. Tukaenda nayo kwenye uwanja wa shabaha, nikapiga. Masikio yalivuma hadi jioni, na hadi leo sijui kama kibao cha kulengea kilitobolewa na mimi au na aliyenitangulia.

Nyumbani kaka alifunga kasha la chuma ndani ya kabati langu. Kwa sababu ya mama, ambaye hufungua kila anachokikuta, aliamuru risasi zikae mbali, kwenye kabati la juu jikoni, na ufunguo wake mwingine. Yalikuwa maneno ya akili. Lakini nilipojaribu kuyafuata, niliona kwamba mwizi akija itabidi nimuombe asubiri, nitoke chumbani na bunduki, nipande kiti jikoni, kisha ndiyo tuanze.

Mama aliiona siku niliyoitoa kuipangusa. Alikuwa amekaa kitandani kwangu anakula tende.

"Bunduki ya nani?" aliuliza.

"Yetu, mama."

"Nani tunamuogopa?"

Nikamwambia wezi. Akauliza wezi gani, nikamjibu hatuwajui.

"Wale wa kwetu tulikuwa tukiwajua," alisema, akatoa kokwa mdomoni, akaiweka sahanini.

Mama alitoka Unguja msichana, baada ya mapinduzi, na maisha yake yote hakutusimulia siku zile hata neno. Nilimuuliza wale ni nani. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeanza mazungumzo, akasema, "Nna kiu."

Baada ya hapo ndipo alipokuja mtu uani kwetu.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini na njia nzima ni tupu. Binti alikuwa bafuni, mama amelala. Nilisikia kitu kizito kikianguka uani. Nilifungua kasha, nikatoa bunduki, nikaenda jikoni. Sikupanda kiti. Sikukumbuka kabisa kwamba kuna kiti cha kupanda. Niliufungua mlango wa nyuma nikiwa na bunduki tupu ambayo tochi yake ilikuwa imejiwasha, inamulika jua la saa saba.

Penye kamba ya nguo alisimama mwanamume mwembamba, kanzu ya kijivu na suruali pana kama wavaavyo Wapakistani, ndara mguu mmoja, mguu wa pili mtupu. Alinitazama mimi, akatazama mtutu, akaweka mkono kifuani.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," nilisema, na nikamalizia warahmatullahi wabarakatuh.

Ilinitoka mdomoni kabla sijajua. Na ikishatoka, sikujua tena nifanye nini. Mtu umekwisha mwambia amani iwe juu yake, na rehema na baraka, halafu umemwelekezea nini? Yeye pia alionekana amekwama. Alisema maneno ambayo sikuyafahamu, akaonyesha bomba la maji, au ukuta ulio nyuma ya bomba. Mama akatokea mgongoni kwangu, kichwa wazi, anafikicha macho.

"Mgeni?" alisema. "Mbona hujamkaribisha?"

Yule mtu alimwinamia mama kidogo, akaenda kwenye lango la pembeni, akafungua komeo bila kulitafuta, akatoka. Komeo lile ni gumu. Wageni wetu wote huhangaika nalo.

Askari walikuja, watu wa adabu. Nilisema alikuwa mfupi. Binti, aliyechungulia dirisha la bafuni, alisema alikuwa mrefu na alificha kitu kwapani. Hakuna kilichopotea. Waliniuliza kama nilimlenga, nikawajibu sijui, na hiyo ndiyo kweli. Kaka, alipofika, aliuliza jambo moja tu, na aliliuliza taratibu, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angefoka.

"Umemuitikia mwizi salamu?"

"Kama ni mwizi," nilisema.

"Na kama si mwizi, uani kwako alifuata nini?"

Wiki ile alileta mlango wa chuma kwa ajili ya jikoni na akataka risasi zihamie karibu na kitanda changu. Mlango niliukubali. Risasi nilizikataa, kisha nikakubali, kisha nikampigia simu kumwambia aziache zilipo. Kuna siku naamini nilimfukuza jambazi kwa bunduki tupu. Siku nyingine naona nilimtolea mtutu kibarua aliyekuwa akikimbia jua au kumkimbia mtu, na akatoka kwangu bila tone la maji.

Jioni ya Ijumaa ile, nikimchania mama nywele, nilimuuliza yule alikuwa nani.

"Yule namjua," alisema. "Amekonda tu."

Asubuhi nikamuuliza tena. Akasema jana hakuja mtu.