Mkate Tulioupika Ukuta Ukiwa Katikati

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mwenye boma. Binti yangu wa mwisho, aliyerudi nyumbani na mume wake, hakuachwa. Huyo mume, mtu wa upande wa Tulia kule Kitui, ndiye mkwe wangu. Wasichana wao wawili, mmoja wa shule na mmoja wa kubebwa mgongoni. Na mke wa shemeji yangu wa boma la chini, ambaye hakuishi kwetu lakini hakuna siku aliyokosa. Majina yao yote ninayo, hata la mbuzi. Sitayaandika, kwa sababu wote wako hai na wanajua kusoma kunishinda.

Walikuja wakati wa kiangazi. Hoteli ya Barabara ya Mombasa ambako mkwe alikuwa akipika mikate ilifungwa, na nyumba ya kupanga ikawashinda. Kwao Tulia shamba liligawanywa likaisha kabla ya kumfikia. Basi wakaja kwangu, huku karibu na Tawa. Mwanamume kuja kukaa kwa mama mkwe akiwa na mabegi ni jambo zito. Alilala katika nyumba ya kijana wangu aliye Nairobi, na asubuhi alitoka mapema ili tusikutane uwanjani.

Maana sisi Wakamba tuna nthoni. Mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Nikimwona anakuja njiani, mimi huingia kando kwenye vichaka mpaka apite. Kanisani tunafundishwa kwamba hayo yalipitwa na wakati, na mimi husema amina. Lakini aibu haikai kanisani. Inakaa mwilini.

Wale wasichana walikuwa wamezoea chai na mkate. Uji wa mtama waliunywa wakilia. Mkate wa duka ukinunuliwa asubuhi, saa nne umeisha, na sukari bado haijanunuliwa.

"Mwaitu," binti yangu akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "si tupike wetu? Baba yao anajua."

"Anajua. Na jikoni ni kwangu."

"Basi mimi nitakaa katikati."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi jikoni na beseni, mkwe nje amekaa kwenye gogo nyuma ya ukuta, binti yangu mlangoni akichukua maneno huku na kuyapeleka kule.

"Anasema chemsha viazi vitamu, uponde, uchanganye na unga wa ngano ili unga usiishe haraka."

Viazi vitamu kutoka soko la Kikima vilikuwepo. Nikachemsha, nikaponda.

"Anasema hamira iamke kwanza kwa maji ya vuguvugu. Halafu ukande mpaka unga uache kushika mikono."

"Mwambie mikono yangu ni ya zamani."

"Anasema pole."

"Amesema yeye, au umesema wewe?"

Donge likaumuka vizuri, joto la huku halihitaji kusaidiwa. Tukaweka changarawe ndani ya sufuria kubwa, juu yake sufuria ndogo yenye donge, tukafunika, tukapanga makaa juu ya kifuniko. Kisha binti yangu akambeba mtoto akaenda kuchota maji, kwa sababu maji hayangojei mkate.

Nikabaki ndani. Mkwe akabaki nje. Nikamsikia akikohoa. Akasimama, akatembea huku na huku, akakohoa tena. Pua yangu iliuawa na moshi miaka mingi, sikusikia harufu yoyote, na jikoni moshi ni wa kila siku. Nikafikiri ni vumbi la kiangazi linamsumbua kifua, nikamhurumia kimoyomoyo. Kumbe mtu anaona moshi mweusi ukitoka chini ya paa langu, na hawezi kuniita wala kuingia.

Binti yangu aliporudi, mkate ulikuwa mweusi kama kisiki cha shamba lililochomwa. Mke wa shemeji akaja kuangalia, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mkate umeunguzwa na heshima!" akasema. "Watu wazima wawili wamekaa nao, mmoja huku, mmoja kule, wanauzika bila maombi."

Tulikwangua ganda la nje, wasichana wakala sehemu ya ndani. Mimi nilikula ile nyeusi na chai.

Mara ya pili mbuzi alikuwa amefungwa hapo nje karibu na gogo. Binti yangu alipoenda tena mtoni, nikasikia sauti ya mkwe.

"Wewe mbuzi, kama mtu angeondoa makaa ya juu sasa, ingekuwa vizuri."

Nikayaondoa. Nikachungulia ndani ya sufuria.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie aliyekuambia kwamba chini bado ni mweupe."

"Basi, mbuzi, moto wa chini uongezwe. Kidogo tu."

Mbuzi alikuwa anatafuna tu. Mkate ukaiva. Nilipoukata, msichana wa shule alisema, "Susu," maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "huu ni wa kweli," nikaona baba yake kule nje ameinamisha kichwa.

Lakini kupika si kukaa. Mkwe alianza kula kidogo, akamwachia mtoto sehemu yake. Siku moja binti yangu akaniambia mume wake anataka kwenda Mombasa kutafuta kazi.

"Aende, si kazi hutafutwa?"

"Mwaitu, akienda hatarudi. Ninamjua. Si kazi inayomtoa hapa, ni aibu. Anasema anakula kama mgeni na hana anachorudisha."

Dada yake mkubwa, mume wake aliondoka hivyo hivyo, na hadi leo anaosha shati lake moja lililobaki. Zamani mkwe angeleta mbuzi na blanketi, wazee wakae, na nthoni ilegezwe. Huyu hakuwa na mbuzi. Alikuwa akiongea na wangu.

Asubuhi ya kuondoka kwa mkwe, binti yangu alijifungia nyumbani akilia. Mimi nilikuwa jikoni nikikanda, mabega yakiuma. Nikasikia viatu vikielekea langoni. Ningependa kuandika kwamba niliomba kwanza. Sikuomba. Nilikuwa nimechoka. Nimezika mume, nimelea watoto, nimelea wa watoto, na sasa nikande mkate kila siku mpaka nife, huku mwenye mikono ya kazi hiyo anakwenda zake kwa sababu ya uso wangu?

Nikainuka na beseni, nikatoka, nikasimama mbele yake. Akageukia ua haraka.

"Kanda wewe," nikamwambia. "Mimi nimechoka. Jiko nakuachia."

Akasema akiangalia ule ua, "Mama, sina kitu nilicholeta."

"Nimesema nimechoka. Sijasema uniletee."

Nikamsogezea lile beseni. Kisha akaweka begi chini, akalipokea.

"Uui!" Mke wa shemeji alikuwa kwenye ua wa chini. "Leo nimeona! Mama ya watu ameongea na mkwe uso kwa uso!"

"Palilia sukumawiki zako," nikamjibu.

Sasa anapika yeye, mapema. Akiwa ndani, mimi niko nje kwenye gogo namenya viazi. Akimaliza anakohoa, anatoka, ndipo naingia. Wako wanaosema nimejivunjia heshima, na sina nguvu ya kuwajibu. Binti yangu bado huangalia langoni kila asubuhi, halafu anaangalia moshi wa jikoni, ndipo anachukua mtungi.

Nyinyi mliokuwepo, mahali nimepotoka mnirudishe. Binti yangu, aliyekuwa akichungulia dirishani, anasema siku ile mume wake hakuniita Mama, alinyamaza tu akachukua beseni. Mimi nilisikia Mama. Anayeweza kukaa na mkwe wangu amuulize, aje aniambie. Mimi sitamuuliza, na mnajua kwa nini.