Kalas ya Shangazi

Nina lugha nne na hakuna hata moja iliyokaa sawasawa. Kiswahili nilikianza ukimbizini Uganda, nikakinyoosha kidogo shuleni Kenya, na Kiarabu cha Juba nilikiokota tuliporudi. Kwa mchanganyiko huo nilipata kazi: mkalimani wa wataalamu waliokuja kupima mazingira kabla ya nyumba za ghorofa kujengwa karibu na Mangateen, mtaa wa Juba. Ofisi ilikuwa mtaa wa Thongpiny, ina kiyoyozi, nami nikajiona nimeshafika.

Sharti lao lilikuwa kwamba mkalimani asiwe mkazi wa eneo linalopimwa. Nikajaza fomu kwamba naishi Munuki, mtaa mwingine kabisa. Ukweli ni kwamba naishi kwa shangazi yangu, aliyenilea tangu ukimbizini, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye khor, yaani mkondo ambao kiangazi ni mchanga na chupa tupu, na mvua ikinyesha juu huko hugeuka mto wenye hasira. Nilijiambia uongo mdogo hauui mtu.

Mtaalamu mkuu alikuwa Mkenya mpole, mwenye buti safi kupita kiasi. Tulichimba mashimo kuona maji ya ardhini yako kina gani, tukajaza chupa maji ya visima, tukapima kwa utepe alama za matope kwenye kuta za watu. Kwa shangazi ilifika magotini. Mpango ulikuwa kuihamisha khor, iingie kwenye mfereji wa saruji upite kando ya ghorofa. Huko kando ndiko kwetu.

Kisha ukaja mkutano wa maoni, ndani ya kanisa, mchana, mabati yakitokota. Mtaalamu alitandika ramani. Shangazi akasimama, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama mtu anayekwenda kugombana.

"Mimi iko hapa," alisema kwa Kiarabu chake cha Juba. "Hii maji inajua njia yake. Nyinyi nafunga kule, yeye nakuja kwa nyumba yangu. Mtoto yangu, ambia yeye."

Kina mama wa rika lake humwita kila mtu mtoto yangu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nilitafsiri vizuri. Mtaalamu akajibu kwa upana na kina cha mfereji. Shangazi akarudia swali lake. Mtaalamu akarudia mfereji wake. Mara ya tatu shangazi aliipungia ramani mkono kama anayefukuza inzi.

"Kalas," akasema, akaketi.

Kanisa zima likaipokea, "Kalas, kalas," watu wakaanza kuinuka.

"Wanasemaje?" mtaalamu aliniuliza.

Hapa ndipo ulimi wangu uliponiuza. Ukipatana na mtu wa boda nauli, unasema kalas: sawa, twende. Mwanamke akimchoka mumewe, naye husema kalas: basi, nimemaliza na wewe. Nilijua kabisa shangazi alikuwa na ipi. Ila nilikuwa nimechoka, joto limenishika shingo, na niliogopa nikianza kueleza sana nitaonekana nina upande. "Wanasema sawa," nikajibu. Kalamu yake ikaandika.

Nilikutana tena na ile "sawa" yangu ofisini, nilipopewa muhtasari wa ripoti niutafsiri ubandikwe mitaani: baada ya maelezo, wakazi waliukubali mfereji. Chini kulikuwa na jina langu, mkalimani. Nikamwendea mtaalamu, nikamwambia labda yule mama hakukubali, labda alikasirika tu.

"Labda?" alisema, bila ukali. "Dada, ulikuwa wewe mdomo wake. Ukisema ulikosea, hii kazi yote ni bure, na wewe ndio utaulizwa wa kwanza. Mwambie aandike barua. Maoni bado tunapokea."

Nikaona afueni. Sikukumbuka kwamba shangazi hajui kuandika, na kwamba barua zake zote, tangu nikiwa darasa la tatu, naandika mimi.

Jumapili baada ya ibada alinikalisha kwenye rakuba, kile kibanda chetu cha matete, akanitolea karatasi. Maneno yake yalitoka safi, nami niliyaandika yote: matope, magoti, maji na njia yake, na kwamba kalas yake ilikuwa ya kukataa. Kisha akatulia, akatabasamu.

"Andika tena: yule alikuwa natafsiri ni mtoto yangu, nakaa na mimi hapa. Muuliza yeye. Yeye ndiyo shahidi yangu."

Kalamu ilisimama. Sentensi hiyo ilikuwa na Munuki yangu yote ndani, na kazi, na "wanasema sawa". Nilisogeza mkono hewani juu ya karatasi, nikachora hewa.

"Nisomee," akasema.

Nilimsomea. Nilipofika mwisho niliisoma na hiyo sentensi, neno kwa neno, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapaka wino kidole gumba, akakibandika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega.

Majibu yalikuja yamepigwa muhuri: malalamiko yamepokelewa, ila mlalamikaji hakutaja shahidi. Barua hiyo pia nilimsomea mimi. Nilisoma "malalamiko yamepokelewa", nikaikunja.

Sasa mashine zinachimba, zinaanza alfajiri, na ukuta wa chumba changu unatetemeka. Natoka kwenda Thongpiny, narudi, nalala ukuta uleule. Shangazi hana wasiwasi. Amelifua gauni langu la kanisani, amelinyoosha kwa pasi ya mkaa na kulitundika nyuma ya mlango, lisikunjike kabla ya siku ya ushahidi.

"Wamekuita?" ananiuliza kila asubuhi.

"Bado, shangazi."

"Wataita," anasema, na analipangusa vumbi.