Mfereji wa Baba

Tangu utoto nilikuwa na swali moja lililowachosha watu wote nyumbani kwetu Buterere: maji yanajuaje pa kwenda? Mvua kubwa ikinyesha, jirani wa kulia analala pakavu, sisi tunapandisha magodoro juu ya meza. Mama alikuwa akinijibu, "Uliza Mungu. Mi niache nianike nguo." Jibu hilo halikunitosha hata siku moja.

Bahati ilinipeleka kwenye sekondari yenye programu ya kigeni, ambako mwanafunzi, akiwa bado na yunifomu, anaweza kusoma fizikia ya mwaka wa kwanza wa chuo na kufanya mtihani unaosahihishwa ng'ambo. Nilifaulu, nikaingia chuo cha uhandisi kifua mbele. Huko nikaomba dispansi, yaani kusamehewa somo kwa sababu umekwisha kulifaulu kwingine. Ya fizikia walinipa bila maneno mengi. Ya mekanika ya vimiminika, ambayo ilikuwa ndani ya mtihani wangu lakini wao wanaihesabu kama sayansi ya uhandisi, nikaambiwa nikamwone Madamu, mkuu wa idara.

"Maji ya kwenye karatasi unayajua," aliniambia. "Ya uani je?"

Nilichukia, jamani! Nilikuwa na haraka yangu. Madamu huyo ndiye aliyefundisha mwaka wa pili somo la mifereji ya mji, na alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Nikipata dispansi, naingia darasani kwake mara moja. Nisipopata, nitafika huko yeye ameshaondoka, na sikumjua mtu mwingine wa kumpelekea lile swali langu.

Akauona uso wangu, akacheka. "We mutoto, unakaa wapi?"

"Buterere, Madamu."

"Maji inaingia kwenu?"

"Kila mvua kubwa."

"Inatokea wapi?"

"Barabarani."

"Inapita wapi mupaka mulangoni? Umepima, ama unadhani tu?"

"Nadhani tu, Madamu."

"Nenda upime. Urudi utuelezee, mi na mwalimu mwenzangu, halafu tutaona mambo ya dispansi."

Baba yangu ni fundi cherehani kwenye mtaa wa Mutakura, mtu wa Bujumbura ya zamani, anayependa mshono unyooke na kazi isifiwe. Kazi aliyojivunia kuliko zote, hata kuliko makoti yake ya harusi, ni mfereji aliouchimba mwenyewe kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye mtaro mkubwa wa barabarani. Kila mwaka kabla ya mvua anaufukua na kuuchonga kingo, na mgeni akija lazima aonyeshwe. Nilipomwambia nataka kupima uani, alifurahi sana.

"Pima, pima! Bajue na baba yako ni injiniere."

Tuliazima mpira mrefu unaopitisha mwanga, ule wanaotumia waashi kujua kama msingi uko sawa. Unaujaza maji, unasimamisha ncha zote mbili, na maji yanasimama kimo kimoja pande zote, hata kama mshikaji wa huku hamwoni wa kule. Nilitia chai kidogo ili tuyaone vizuri. Mara ya kwanza tulipata upuuzi mtupu. Kumbe hewa ilikuwa imenasa katikati, tukaitoa kwa kuupigapiga mpira. Baba akashika ncha ya mtaroni, mimi ya mlangoni. Halafu tukapima kwa futi yake ya kushonea, kutoka kimo cha maji hadi chini. Kutoka kwenye maji hadi kizingiti chetu kulikuwa kurefu kuliko kutoka kwenye maji hadi ukingo wa mtaro.

"Rudilia," akasema baba. Tukarudia. Tukabadilishana ncha. Wapi!

Ukingo wa mtaro ulikuwa juu kuliko kizingiti chetu. Barabara imemwagiwa kifusi mwaka hadi mwaka, imepanda, sisi tumebaki chini. Maji ya mvua ndogo yalitoka vizuri, kwa kuwa sakafu ya mtaro bado iko chini yetu, na hayo ndiyo yaliyomdanganya baba. Mvua kubwa ikijaza mtaro, maji yanatafuta pa kushukia, na njia yalishatengenezewa, tena imechongwa kingo, hadi mlangoni kwetu. Nilitaka kuruka kwa furaha, wallahi, maana swali langu la miaka yote lilikuwa limejibiwa. Kisha nikamtazama baba, furaha ikanitoka.

"Sasa mi ndiye nilikuwa naita maji?" akauliza.

"Ya mvua ndogo ulikuwa unaitoa, baba."

"Mi nauliza ile kubwa."

"Ndiyo, baba."

Mama alikuwa dirishani, amesikia yote. Akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote ile ya magodoro, na hakusema kitu. Nilimpenda sana siku ile.

Nikamwambia baba kwamba naweza kumpelekea Madamu vipimo vya uwanja wa watu wengine, si lazima chuo kizima kijue habari za mfereji wetu. Akanikazia macho.

"Apana. Utasema. Lakini useme pia ni nani alishika upande wa pili."

Nilisema. Nilichora uwanja wetu ubaoni, nikaeleza kifusi, mtaro, hata ile hewa iliyonasa. Mwalimu wa pili alinibana kwa maswali mpaka jasho likanitoka. Mwishoni Madamu akauliza, "Huo mfereji alichimba nani?"

"Baba yangu."

"Na mpira, upande wa pili alishika nani?"

"Baba yangu, Madamu."

Wakatazamana. Madamu akachukua kalamu, akasaini.

Nyumbani nilimkuta baba amekaa kizingitini.

"Ulisema?"

"Nilisema, baba. Wamenipa."

"Alhamdulillah."

Akainuka, akachukua jembe, akaanza kuufukia mfereji wake kuanzia upande wa barabara. Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Kisha akasimama ghafla.

"Na ile maji ya mvua ndogo, sasa itapita wapi?"

"Sijui, baba. Ndilo somo ninaloanza kesho."

Akaniangalia, amelishikilia jembe.

"Basi usichelewe," akasema, akaendelea kufukia.